Je, njia fupi kabisa ya kusambaza mkate Eastlands, Nairobi, inaweza kupatikana?

*"Daktari, habari. Nina biashara ya kusambaza mkate. Alfajiri tunapakia kreti Industrial Area na kupeleka kwenye maduka na vibanda 34: Donholm, Umoja, Kayole, Komarock, Pipeline, na vichache huko Ruaraka na Roysambu. Nina pikapu moja na tuktuk mbili, na mafuta yananimaliza. Mpwa wangu anasoma kompyuta chuoni. Alinipeleka kwenye mhadhara wa utafiti kuhusu algoriti, yaani hatua za hesabu ambazo kompyuta hufuata, na grafu, yaani michoro ya vituo na njia za kuviunganisha, na mtoa mada akasema kutafuta njia fupi kabisa ya kupitia vituo vyote ni tatizo gumu lililoshinda ulimwengu, hata kuna zawadi ya dola milioni moja. Lakini mpwa wangu huyo huyo ameandika programu inayomchukua kila mara mteja aliye karibu zaidi, na inanipa njia kabla sijapepesa macho. Halafu kuna muuzaji anayesema mfumo wake unatoa njia fupi kuliko zote, uhakika asilimia mia, kwa ada ya kila mwezi. Dereva wangu wa pikapu anawacheka wote. Nani mkweli hapa? Na nikifungua stoo ya pili Ruaraka, nitajuaje mteja yupi ahudumiwe na stoo ipi? Mihadhara yenyewe niendelee kwenda, au napoteza muda wangu?"*

Dada yangu, wasiwasi wako nauelewa hivi: ama wasomi wanatisha watu bure, ama uko karibu kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Mtoa mada alisema kweli. Mpwa wako hajakudanganya, ila programu yake haifanyi kile unachodhani inafanya. Dereva ana haki ya kucheka. Muuzaji ndiye wa kubanwa, na nitakupa hesabu ya kumpima nayo.

Tuanze na ugumu wenyewe. Tatizo hili huitwa la mchuuzi msafiri: utoke nyumbani, upitie kila kituo mara moja, urudi, na jumla ya safari iwe fupi iwezekanavyo. Ukiwa na stoo moja na wateja 34, mizunguko inayowezekana ni namba yenye tarakimu 39. Chukua kompyuta inayokagua mizunguko bilioni moja kila sekunde na uiache ikague yote. Itahitaji muda unaozidi umri wa ulimwengu zaidi ya mara bilioni 300. Watoa mada, niseme ukweli, huipenda sana namba hii kwa sababu inashtua ukumbi.

Lakini kukagua mzunguko mmoja mmoja ni kazi ya mtu asiye na mbinu. Tangu 1962 tunayo mbinu ya Held na Karp, ambayo huhifadhi matokeo ya vipande vya safari ili isivihesabu upya. Kwa vituo 20 inahitaji hatua kama milioni 420, kazi ya sekunde chache kwenye laptopu ya kawaida. Hata kabla ya hapo, mwaka 1954, Dantzig, Fulkerson na Johnson walipata mzunguko mfupi kabisa wa miji 49 ya Marekani na wakathibitisha kwamba hakuna mfupi zaidi. Mwaka 2006 programu iitwayo Concorde ilimaliza tatizo la vituo 85,900 lililotokana na utengenezaji wa chipu za kompyuta, tena kwa uthibitisho kamili. Vituo vyako 34 ni vidogo sana mbele ya hivyo.

Zawadi basi ni ya nini? Taasisi ya Hisabati ya Clay iliitangaza mwaka 2000 kwa atakayemaliza ubishi mmoja mpana: je, kila tatizo ambalo jibu lake ni rahisi kulihakiki likishatolewa, lina pia mbinu ya haraka ya kulitafuta jibu hilo? Kazi ya Richard Karp ya mwaka 1972 ilionyesha kwamba matatizo mengi ya aina ya mchuuzi msafiri yanasimama au kuanguka pamoja. Ukilipatia moja mbinu ya haraka, umeyapatia yote. Mbinu hiyo lazima ifaulu kwa kila orodha, ya ukubwa wowote, hata iliyotungwa na adui kwa nia ya kuishinda. Wewe hujatungiwa orodha na adui. Wateja wako wamejipanga kando ya barabara, wengi wamekusanyika Umoja na Kayole, na orodha hubadilika kidogo tu wiki hadi wiki. Mtoa mada alizungumzia hali mbaya kuliko zote. Wewe unazungumzia Jumanne.

Kinachonivutia mimi ni kwamba jirani wa tatizo hili ni rahisi. Mwenye lori la taka Buruburu anayetakiwa kupita kila barabara ya mtaa, mradi barabara zote ni za pande mbili, ana mbinu ya haraka hata zikiwa maelfu. Mizizi yake ni swali la madaraja saba ya mji wa Königsberg, kama mtu anaweza kuyavuka yote bila kurudia hata moja, ambalo Euler alilijibu mwaka 1736, na Guan Meigu wa China ndiye aliyelipa sura ya kazi ya tarishi mwaka 1960. Kupita kila barabara ni rahisi. Kupita kila kituo ni kugumu. Wanafunzi hawaamini mpaka wakae chini wachore.

Sasa programu ya mpwa wako. Gari limetoka Donholm, limeingia Umoja, linafuata vibanda vilivyo karibu karibu hadi Kayole na Komarock. Njiani limemruka mteja mmoja wa Umoja kwa sababu wakati ule kulikuwa na mwingine aliye karibu zaidi kwa mita 50. Mkate wa huyo aliyerukwa utapelekwa mwisho kabisa, kwa safari ndefu ya kurudi kutoka Komarock. Uroho wa mwanzo hulipwa mwishoni. Kwa vituo vilivyotawanyika ovyo kwenye ramani, mbinu hii hutoa mzunguko unaozidi ule mfupi kabisa kwa asilimia 25 hivi kwa wastani. Programu inakupa njia kwa kasi kwa sababu haitafuti njia fupi kabisa. Inatafuta njia yoyote isiyo ya aibu.

Tiba yake haihitaji mfumo wa kulipia. Chukua penseli, chora mzunguko huo kwenye karatasi, uangalie mahali mistari miwili inapokatana. Tuseme gari linatoka A kwenda B, na baadaye linatoka C kwenda D, na mistari hiyo miwili inapishana mahali X. Ifute yote miwili. Unganisha A na C, unganisha B na D, na kile kipande cha kati kutoka B hadi C kipitiwe kinyumenyume. Kutoka A moja kwa moja hadi C ni kufupi kuliko kupitia X, na kutoka B hadi D vilevile. Jumla lazima ipungue. Mwambie kijana aongeze hatua hii kwenye programu: ijaribu kila jozi ya mistari, si zile zinazokatana tu, na irudie mpaka pasiwe na badiliko linalofupisha chochote. Croes aliieleza mbinu hii mwaka 1958 na bado inafanya kazi. Kwa kawaida hukufikisha kwenye asilimia 5 hivi juu ya mzunguko bora. Lin na Kernighan, 1973, hushuka hadi kama asilimia 2, lakini hiyo kuiandika vizuri kutamkosesha usingizi.

Huenda kwenye mhadhara ulisikia pia habari za dhamana. Ipo mbinu ya Christofides ya mwaka 1976 ambayo haizidi kamwe mara moja na nusu ya mzunguko bora, mradi umbali wa kwenda uwe sawa na wa kurudi na njia ya moja kwa moja isiwe ndefu kuliko ya kuzunguka. Mwaka 2020 Karlin, Klein na Oveis Gharan waliishusha dhamana hiyo kwa kiasi kidogo mno, kidogo hata hutakiona kwenye mshale wa tenki. Wanahisabati walishangilia, na walikuwa na haki, maana ukuta huo ulikuwa haujatikisika kwa zaidi ya miaka 40. Wewe usishangilie.

Nafika sasa mahali pesa zako zinapopotelea, na ndipo dereva anapochekea. Muulize mpwa wako: umbali kati ya wateja wawili anaupimaje? Nashuku anavuta mstari ulionyooka kati ya alama mbili kwenye ramani. Kwenye karatasi ya mhadhara wa jiometri hilo ni halali. Thika Road si karatasi. Duka lako la upande huu wa barabara na lile la upande wa pili wanaonana na kupungiana mkono, lakini pikapu iliyo kwenye leni za kwenda Thika haivuki ukuta wa kati. Lazima iende hadi makutano yanayofuata, igeuke, irudi. Mwendo wa kwenda na wa kurudi haulingani tena. Na hapo ile hila ya penseli inahitaji uangalifu, kwa sababu kipande ulichokipindua kinyumenyume kinaweza kurefuka. Programu ihesabu upya kipande kizima, isihesabu mistari miwili tu.

Tena, unachochoma si kilomita peke yake. Jogoo Road saa kumi na moja alfajiri na Jogoo Road saa moja na nusu asubuhi ni barabara mbili tofauti, hasa kwa gari linaloelekea mjini. Dereva wako anajua hilo. Anajua pia kibanda kipi hufunguliwa mapema, ni wapi tuktuk itakwama mvua ya Aprili ikinyesha, na mteja yupi hukawiza malipo mpaka kreti nyingine zipoe. Programu haijui lolote kati ya hayo kwa sababu hakuna aliyeiambia. Algoriti nzuri ikilishwa umbali mbovu hutoa njia mbovu, tena kwa kujiamini.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, tengenezeni jedwali la dakika. Simu ya kila dereva irekodi mahali na saa kwa wiki mbili hivi. Waambie wazi kwamba mnarekodi, na kwa nini. Ni haki yao chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na ni adabu pia. Pengo lolote lijazwe na ramani huria ya OpenStreetMap, ambayo hapa Nairobi ilipata nguvu pale vijana wa Map Kibera walipochora njia za mtaa wao mwaka 2009. Kutoka kwenye ramani hiyo, algoriti ya Dijkstra, iliyochapishwa 1959, hutoa njia fupi kati ya vituo viwili kwa kufuata barabara, na hili kweli ni jambo rahisi kwa kompyuta. Muwe na jedwali moja la kabla ya saa kumi na mbili na jingine la baada yake.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nalo ndilo zito. Una magari matatu. Kila moja likichukua wateja 11 hivi, mizunguko ya gari moja haifiki milioni 20, na kompyuta inaweza kuikagua yote bila mbinu yoyote. Ugumu umehamia kwenye kugawa: nani abebwe na gari lipi? Kwa wateja 34 na magari matatu kuna migawanyo zaidi ya trilioni 16,000, kabla hujauliza kama tuktuk itabeba kreti zote hizo. Dantzig na Ramser waliliandikia tatizo hili mwaka 1959, kwa malori ya kusambaza petroli, na mpaka leo ni sugu kuliko mchuuzi msafiri. Mbinu ya Clarke na Wright ya 1964 ndiyo ningeanza nayo: mpe kila mteja safari yake peke yake, kisha unganisha safari mbili zinazookoa mwendo mwingi zaidi, na uendelee hadi chombo kijae. Kuna programu ya bure iitwayo OR-Tools inayoshughulikia migawanyo, ujazo na saa za kufungua. Mwanafunzi wa kompyuta anaweza kuijifunza kwa likizo moja.

Muuzaji sasa. Mtu akisema njia yake ni fupi kuliko zote, muulize: unathibitishaje? Jibu la kweli lina kikomo cha chini, yaani namba ambayo hakuna njia inayoweza kushuka chini yake. Kikomo kimoja unaweza kukipata mwenyewe. Orodhesha umbali wa jozi zote za vituo, pamoja na stoo, kuanzia mfupi. Palipo na tofauti ya kwenda na kurudi chukua mdogo. Unganisha jozi fupi kabisa, kisha inayofuata, ukiruka kila moja ambayo ingefunga duara, mpaka vituo vyote viwe vimeungana. Kruskal aliieleza mwaka 1956. Borůvka alikuwa ameshafika kwenye wazo hilo mwaka 1926 akitafuta jinsi ya kupeleka umeme Moravia kwa waya chache. Jumla unayoipata ndiyo bei ya chini kabisa ya kuunganisha vituo vyako. Magari yako matatu, kwa kuwa yote hutoka na kurudi stoo moja, nayo huviunganisha vituo vyote, basi hayawezi kutembea pungufu ya hapo. Tuseme jumla hiyo ni kilomita 61 na magari yanatembea kilomita 74. Hakuna mfumo duniani utakaokuokolea zaidi ya kilomita 13 kwa siku, na kwa kweli utaokoa chache zaidi. Zidisha kwa bei ya mafuta, linganisha na ada ya mwezi, na mazungumzo na muuzaji yatakuwa mafupi. Simkatazi mtu kununua. Mfumo mzuri unaweza kukupa risiti, taarifa kwa wateja na ripoti, na hivyo vina thamani yake. Vilipie kwa jina lake, visijifiche nyuma ya hesabu.

Kuhusu stoo ya Ruaraka: mpwa wako pengine atakuonyesha mchoro wa Voronoi, ramani iliyogawanywa vipande ili kila mteja awe kwenye kipande cha stoo iliyo karibu naye. Ukiwa na stoo mbili, mpaka ni mstari mmoja tu ulionyooka, na hapo hapo unaanza kukosea: reli, Mto Nairobi na madaraja yake machache, Outer Ring Road na misongamano yake, vyote vinapindisha mpaka wa kweli. Tumia jedwali la dakika, na kila mteja apewe stoo yenye dakika chache. Wale ambao tofauti yao ni dakika mbili tatu usiwafunge popote. Wabebe kwa gari lenye nafasi siku hiyo.

Ningekuwa wewe, mwezi huu ningemwacha dereva aendelee na njia zake, nikusanye dakika, kijana aongeze hatua ya Croes, kisha matokeo yawekwe mezani mbele ya dereva na apewe haki ya kukataa, kwa sharti aseme sababu. Kila sababu anayotoa iingizwe kwenye jedwali.

Yapo mambo yasiyomalizika kwa maandishi. Ukivuka wateja mia na kitu, au wateja wakubwa wakikuwekea saa za mkataba na faini, au ukitaka kukopa kwa ajili ya stoo mpya kwa kutegemea akiba ya mafuta iliyohesabiwa na programu, nenda ukaonane na mtu ana kwa ana. Idara ya hisabati ya Chuo Kikuu cha Nairobi iko Chiromo, na Strathmore kule Madaraka wana taasisi ya sayansi za hisabati. Wanafunzi wa uzamili hutafuta data ya kweli kwa udi na uvumba. Beba karatasi za usambazaji za wiki nzima, uwezo wa kila chombo kwa idadi ya kreti, na ikiwezekana nenda na dereva.

Mihadhara endelea kuhudhuria, ila usijilazimishe kuelewa yote. Dakika kumi za mwanzo, ambapo mtoa mada anaeleza tatizo na nani alifika wapi, ndizo zako. Uthibitisho unaofuata umeandikwa kwa ajili ya watu wanne walio mstari wa mbele. Kisha subiri wakati wa maswali, unyooshe mkono, uulize kama matokeo yake yanahusu hali mbaya kuliko zote au orodha za kawaida, na umbali wake unapimwa kwa kitu gani. Ukumbi ukinyamaza, usidhani umeuliza ujinga.